Barua kwa Baba Saumu: wanataka kuitoboa injini

Shela, Malindi

Ndugu yangu Baba Saumu,

Assalaam alaykum. Baada ya salamu, sisi huku hatujambo, hofu na mashaka ni kwenu. Mama watoto anakusalimu, goti limempa nafuu ila ngazi bado zinamshinda. Najua nimekaa kimya tangu harusi ya binti wa Mzee Kidevu. Nawe ulikaa kimya vilevile, basi hapo tumetoka sare.

Ningepiga simu, lakini nikikupigia unaanza siasa, salio linakwisha kabla sijaifikia shida yangu. Kwa hivyo nimeandika. Soma mpaka mwisho, usiruke.

Ni habari ya mpwa wangu, yule uliyekuwa ukimshikisha taa kwenye shedi yetu ya reli na kumkemea akiangaza pembeni. Siku hizi ni fundi Marekani kwenye reli fupi. Kule ziko kampuni ndogo za namna hiyo kama 600, nyingi zilizaliwa baada ya sheria ya 1980 iliyowarahisishia wakubwa, zile kampuni kubwa za reli, kuziachia njia zisizowalipa. Mdogo anachukua kipande chake cha reli, anakusanya mabehewa ya nafaka na mbao na mbolea, anayafikisha makutano, mkubwa anayavuta kwenda mbali. Kushanti tu, kusogeza na kupanga mabehewa, ila kushanti kwa kilomita nyingi.

Na kazi hiyo wanaifanyia vichwa vya treni ambavyo mimi na wewe tungeviamkia shikamoo. GP9, Baba Saumu! Zilianza kutoka kiwandani 1954, vile vichwa vyetu vya daraja la 87 vya Kiingereza hata havijafikiriwa. Silinda 16, mipigo miwili, nguvu farasi 1,750, wala haina tabo ya kuzungushwa na moshi, ni blowa tu ya kupuliza hewa, inayosukumwa na injini yenyewe. Kijana alinitumia video wakiiwasha asubuhi. Nikaifunga redio, nikaweka simu sikioni. Inakohoa, inatoa moshi mweusi mara moja, kisha mweupe, kisha inatulia na kuanza kuimba. Silinda moja inachelewa. Nikamwambia, ya nyuma upande wa kulia, angalia injekta ya mafuta. Akaniandikia jioni: mjomba, ndiyo hiyohiyo. Usicheke, sikio langu bado lipo, macho ndiyo yameondoka.

Sasa sikiliza. Wanaziondoa. Hilo si ajabu, kila kitu kina siku yake. Ila serikali yao ina fungu la fedha, limetokana na sheria ya 2005 ya kupunguza moshi wa dizeli, na mwenye injini kuukuu anaweza kuomba asaidiwe sehemu ya gharama ya iliyo safi. Sharti lao ni kwamba ile ya zamani isiuzwe, isigawiwe, isifichwe uani. Iuawe. Na namna ya kuiua wameiandika: bloku, ule mwili wa injini wenye silinda, itobolewe tundu la inchi 3, hata fundi wa Shimanzi asiweze kuifufua.

Na aliyepewa drili ni mtoto wetu.

Kanitumia picha. Mlango wa ubavuni umefunguliwa, rangi imebanduka pale bawabani, kijani, chini yake nyekundu, chini yake nyeusi, kila aliyewahi kuimiliki kaacha ya kwake. Na ndani kwenye bloku kuna duara la chaki na msalaba mdogo katikati. Hapo ndipo pa kutoboa. Injini inawaka, ndugu yangu! Si mbovu. Juzi tu wameibadilisha injekta niliyowaambia mimi.

Nikamuuliza, hamwezi kuwapa watu wengine? Akasema ndiyo maana inatobolewa, mjomba, ili isiende kwa watu wengine.

Basi tangu hapo maneno hayo yananizunguka kichwani. Huku kusi limeshika, mashua nyingi zimepandishwa, na mimi nashinda pwani na mashine za wavuvi. Hapa hakuna injini inayokufa. Ikikatika krankishafti inatolewa laina, laina zikiisha bloku inakuwa ya kufungia kamba. Mwambie mvuvi wa hapa atoboe injini inayowaka, atakuitia watu.

Lakini ngoja. Nikakaa nikamfikiria marehemu Fundi Masharubu na kile kifua chake. Sisi wote tulikuwa tukifungia injini ndani ya shedi zikiwaka, tukisema moshi ni harufu ya kazi. Mwaka 2012 wale watafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli kundi moja na sigara. Masharubu hakuwahi kuvuta hata moja. Sisemi ni hilo lililomuua, Mungu ndiye ajuaye. Nasema tu lile duara la chaki nililitazama tena, nikaona huenda aliyelichora ametufikiria sisi. Kwani isipotobolewa itakwenda wapi? Itakuja bandarini kwetu na rangi mpya.

Tena ilishakuja! Hapo ndipo ninapokutaka wewe. Vile vichwa 20 vya B23-7 vilivyoanza kufika kwetu Kenya 2014 vilitoka wapi kama si hukohuko? Vilizaliwa miaka ya 70 na 80, vikafanyiwa ukarabati, bogi za magurudumu zikaja za reli yetu ya upana wa mita moja, vikapokewa kwa shangwe. Mimi nilikuwa nishastaafu, wewe ndiye uliyevishika. Uliniambia mwenyewe, kwa mdomo wako, kwamba bila vile mizigo ingelala Kilindini. Sasa lau Wamarekani wangevitoboa, tungevuta kwa nini? Kwa punda wa Lamu? Naipindua huku na huku, usiku sipati jibu. Nikisema watoboe, naona mabehewa yamesimama. Nikisema wasitoboe, nasikia kile kikohozi.

(Kuhusu Lamu, reli yao bado. Mradi ulizinduliwa 2012, gati ya kwanza ikafunguliwa 2021, njia ya treni ingali kwenye ramani. Nimewaambia vijana hapa itakapofika nitaomba kazi ya ulinzi wa mataruma.)

Kinachokuja mahali pa GP9 nacho kina vituko. Fremu ni ya zamani, bogi za zamani, ndani injini mpya ndogo ya mipigo minne na kompyuta kila kona. Huku kwetu tungeiita kiraka, kule wanaiandika mpya. Kinachonifurahisha ni kimoja. Yale madude ya zamani hawatii dawa ya kuzuia maji kuganda, kwa hivyo usiku wa barafu injini haizimwi, inanguruma mpaka asubuhi ikila mafuta bure ili maji yasipasue bloku. Hii mpya inajizima, maji yakikaribia kupoa inajiwasha yenyewe, hakuna mtu. Mimi ningekimbia.

Na hapo ndipo penye ombi langu. Mabosi wamemwambia mpwa wangu achague: aende kozi ya hizo kompyuta, au abaki na GP9 mbili zilizobaki mpaka nazo zifikiwe na chaki. Yeye anataka kubaki. Anasema anapenda kazi ya mkono, anasema amefundishwa na mjomba wake. Mimi nikimwambia nenda kozi ananijibu, mjomba wewe mwenyewe hukuwahi kushika kompyuta. Nina la kusema hapo? Lakini wewe zile za 2014 zilikukuta na miwani na mvi, ukakaa darasani na watoto, ukajifunza. Wewe atakusikia. Anakuita Ami Changamwe mpaka leo. Mpigie, au mwandikie, namba yake anayo Saumu. Usimwambie nimekutuma.

Na la kutoboa pia zungumza naye. Anaona haya. Nadhani anangoja mtu mzima amwambie atoboe tu. Mimi nimejaribu kuandika hilo neno, nikafuta.

Sasa nijibu haya. Zile B23-7 ngapi bado zinatembea, na zinatoa moshi wa rangi gani? Ni kweli mliwahi kuazima spea ya kimoja mkawasha kingine, au ni chumvi ya Mzee Kidevu? Ile kozi ilikuwa ngumu kiasi gani, usijisifu, niambie ukweli. Wewe ungeshika ile drili? Kifua chako chenyewe vipi, ulikwenda kupigwa picha kama tulivyokubaliana au ulinidanganya? Saumu amejifungua? Mtoto gani? Na ile spana yangu ya inchi moja na robo unairudisha lini, au nayo umeshaitoboa?

Nduguyo,
Baba Mwanaidi