Wito wa Harambee: Mota na Betri kwa Gari la Umeme la Wanafunzi Wetu

Kwa wazazi, wahitimu na majirani wote wa shule yetu,

Mwezi Novemba 2011, jijini Kampala, Chuo Kikuu cha Makerere kilizindua Kiira EV, gari la majaribio la viti viwili lililosukumwa na mota ya umeme na betri za lithiamu, na ambalo likijaa chaji lilikusudiwa kwenda kilomita zipatazo 80. Halikuundwa ili liuzwe, bali ili walioliunda, wakiongozwa na Profesa Sandy Stevens Tickodri-Togboa, wajifunze kazi kwa mikono yao. Na mafunzo hayo ndiyo yaliyozaa basi la Kayoola la mwaka 2016, lenye viti 35 na paneli za sola juu ya paa.

Hapa Busia, hatua chache kutoka mpaka wa Uganda, klabu yetu ya sayansi imekuwa ikiunda gari lake tangu muhula wa kwanza. Fremu waliichomelea wanafunzi wenyewe kwa vyuma alivyotoa mzazi mmoja mwenye karakana. Walipolijaribu kwa betri nne kuukuu za asidi, lilitoka karakanani hadi kwenye mlingoti wa bendera, likasimama. Jioni hiyohiyo walikaa wakapima volti za kila betri, wakabaini kwamba mbili zilikuwa zimekufa, na kwamba uzito wa madini ya risasi yaliyomo ndani ya betri hizo ulikuwa ukila nguvu nyingi mno. Mada ya umeme walikuwa wameshafundishwa darasani. Siku hiyo ndipo walipoielewa.

Tunaomba shilingi 240,000 za kununua mota, kidhibiti chake, chaja, na betri za lithiamu pamoja na kifaa cha kuzilinda, ambacho hatuwezi kukiacha kwa kuwa betri za aina hiyo zikichajiwa kupita kiasi huweza kushika moto. Kitakachobaki kitakuwa nauli ya kuwapeleka wanafunzi Jinja, Uganda, kilipo kiwanda cha kampuni iliyotokana na mradi wa Kiira.

Mchango wowote utapokelewa na mhasibu wa shule, naye atatoa risiti, na hesabu zote zitasomwa katika mkutano wa wazazi. Fundi wa umeme au wa kuchomelea asiye na fedha tunamwomba atupe muda wake; kila Jumamosi wanafunzi huwa karakanani kuanzia saa tatu asubuhi.

Mwalimu mlezi wa klabu,
kwa niaba ya kamati ya harambee