Malalamiko kuhusu kifurushi cha tangi la matumbawe la lita 100: shaba iliyomo ndani ya sanduku

Lubumbashi, tarehe 7 Julai 2025

Kwa Bwana Mkurugenzi,
Huduma kwa Wateja

Yahusu: vifo vya konokono, uduvi na matumbawe katika matangi mliyouza, kurudishiwa gharama, kuondolewa sokoni kwa mawe, kiwiko cha bomba na dawa

Bwana Mkurugenzi,

Tunakuandikia sisi tunaotunza matangi ya maji ya chumvi hapa Lubumbashi, kwa niaba ya wateja sita walionunua kwenu kifurushi mnachokiita tangi kamili la matumbawe, la lita 100, kwa dola 620 kila kimoja. Nakala za fakture zimeambatishwa. Katika matangi manne kati ya hayo sita, konokono na uduvi wamekufa wote, na matumbawe laini yamejikunja na kuoza. Fundi wenu alijibu kwamba maji ya mji ndiyo yaliyoua. Hatulikubali jibu hilo. Kilichoua ni shaba, na shaba hiyo ilikuja ndani ya sanduku lenu.

Tuanze na dalili, maana zenyewe zinatosha kumwongoza fundi. Samaki wote ni wazima: wanakula, mapezi yamenyooka, rangi haijafifia. Konokono ndio waliotangulia. Waliachia kioo, wakaangukia mchangani chali, mguu umetoka nje na haurudi hata ukiguswa. Uduvi walitetemeka na kurukaruka ovyo, kisha wakafa wakati wa kujivua gamba. Matumbawe yalifunga polipu zake na hayakuzifungua tena. Kama amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, ndiyo ingekuwa imeua, samaki nao wangetweta juu ya maji na kufa. Tulipima amonia na naitriti, zote zikawa sifuri. Chumvi ilikuwa 35 kwa elfu, joto digrii 25. Tangi ambalo samaki anaishi na konokono anakufa, jambo la kwanza kulipima ni shaba, na fundi wenu hakupima chochote.

Sasa mawe. Ndani ya kila kifurushi mliweka kilo tatu za mawe ya kijani "ya mapambo ya chini ya maji". Bwana Mkurugenzi, hakuna mtu wa Katanga asiyeyajua mawe hayo. Ni malakiti. Yanachongwa sahani, vibweta na shanga, yanauzwa kwa kila mgeni anayepita mjini, na juu ya meza ni mazuri kweli. Lakini malakiti ni madini ya shaba: zaidi ya nusu ya uzito wake, asilimia 57 hivi, ni shaba tupu. Katika maji ya tangi hayayeyuki kama chumvi, ila yanatoa kidogo kidogo bila kukoma, na yanatoa zaidi pH inaposhuka, yaani maji yanapoelekea kuwa na asidi. Na pH hushuka kila usiku: taa zikizimwa, hewa ya ukaa huongezeka majini, na 8.3 ya jioni huwa 8.0 au chini yake alfajiri.

Ili pasiwe na ubishi, tuliyajaribu kwa njia mbili ambazo nanyi mnaweza kuzirudia. Ya kwanza ni ya jikoni. Vunja kipande chenye ukubwa wa punje ya hindi, kitie kwenye glasi ya siki nyeupe. Vipovu vitatoka, na kufikia kesho yake siki itakuwa ya samawati. Chovya humo msumari wa chuma uliosuguliwa kwa msasa mpaka ung'ae, uuache kidogo, uutoe. Sehemu iliyozama itakuwa imevaa ngozi nyekundu ya shaba. Msumari wetu tumeuambatisha kwenye bahasha.

Njia ya pili ni ndoo mbili za plastiki za chakula, kila moja na lita 10 za maji ya osmosisi kinyume (yaliyosukumwa kupitia utando unaozuia vitu vilivyoyeyuka) yaliyosoma sifuri kwenye mita ya TDS, inayopima vitu vilivyoyeyuka majini, chumvi ya bahari ya mfuko mmoja, na pampu ndogo ya kuzungusha. Ndoo moja tulitia jiwe lenu la nusu kilo, nyingine hatukutia kitu. Baada ya wiki moja, kipimo cha matone hakikuonyesha shaba yoyote katika ndoo tupu. Yenye jiwe ilionyesha miligramu 0.25 kwa lita. Mpime wenyewe uzito wa namba hiyo: katika bahari kuu shaba haifiki hata miligramu 0.001 kwa lita, na kiwango kinachotumiwa makusudi kuua vimelea vya samaki ni kati ya 0.15 na 0.20. Jiwe lenu moja limepita kiwango cha dawa.

Na yale matangi mawili ambayo hayakupata hasara? Wenyewe hawakuyapenda mawe ya kijani, wakayaacha kwenye sanduku. Mji ni uleule, chumvi ni ileile, taa ni zilezile, na konokono wao wanatembea juu ya kioo mpaka leo.

Mawe si peke yake. Bomba la kurudisha maji limeungwa kwa kiwiko cha shaba njano. Shaba njano ni mchanganyiko wa shaba na zinki. Maji ya chumvi hula zinki kwanza na kuacha shaba yenye vitundu, inayomomonyoka. Viwiko tulivyovifungua tayari vina ukoko wa kijani kwa ndani. Kiwiko cha PVC cha milimita 20 kinapatikana katika duka lolote la mabomba, ni bei rahisi, na hakidhuru kiumbe chochote. Katika tangi la bahari hakuna chuma wala shaba inayopaswa kugusa maji, hata skrubu ya kibano, na kampuni inayouza matangi ya matumbawe inapaswa kulijua hilo kabla ya mteja.

Tatu ni dawa. Kichupa cha maji ya bluu kimeandikwa wazi "sulfate de cuivre", na karatasi yenu inaagiza matone matano ndani ya tangi kila samaki mpya anapoingia, "kwa kinga ya madoa meupe". Shaba inatibu madoa meupe, ugonjwa wa samaki unaoletwa na vimelea, ni kweli. Lakini sumu ileile inayoua vimelea huua pia viumbe wasio na uti wa mgongo, na tangi la matumbawe limejaa viumbe hao. Dawa hiyo mahali pake ni tangi la karantini: kioo kitupu, bila mchanga, bila mawe, kipande cha bomba la PVC cha samaki kujificha, na shaba inapimwa kila siku ili isishuke wala kuzidi. Tangi kuu likishapata madoa meupe, samaki huhamishwa wote na tangi huachwa bila samaki, wafugaji wengi huliacha siku 76, vimelea vikose pa kuishi. Hakuna njia ya mkato ya matone matano.

Kuhusu maji ya mji mliyoyatupia lawama: kama mnaamini hivyo, kwa nini mliuza chujio la maji lililomo katika kifurushi? Kwenye sanduku mmeliita chujio la osmosisi. Tumelifungua. Ndani kuna pamba ya kunasa uchafu na kaboni, basi. Hakuna utando wa osmosisi, hakuna rezini, punje za kunasa kilichobaki majini. Kaboni huondoa klorini na harufu. Naitreti, silikati na metali zilizoyeyuka hupita karibu zote. Tulipima maji kabla na baada ya kupita humo, mita ya TDS ikasoma namba ileile. Kifaa cha kweli kina hatua nne: pamba, kaboni, utando, rezini, na kinatoa maji yanayosoma sifuri. Utando wenyewe unahitaji msukumo wa bari 3 hadi 4. Anayetegemea kisima na tangi la juu ya paa hapati msukumo huo, kwa hiyo ni lazima apewe pampu ya kuongeza nguvu. Hilo nalo halikutajwa popote.

Karatasi ya maelekezo ina makosa ambayo yangeua hata kama shaba isingekuwepo. Mmeweka mfuko mmoja wa chumvi wa kilo 2. Tangi la lita 100 likishapata mchanga na mawe hubaki na maji kama lita 85, na kila lita inataka gramu 36 hadi 38. Yaani zaidi kidogo ya kilo 3. Kwa kilo zenu mbili maji yanafika 22 kwa elfu tu, na wateja walikuja kwetu na matangi ya namna hiyo tukalazimika kununua chumvi nyingine. Kisha mmeandika kwamba maji yakipungua, mteja aongeze maji ya chumvi. Hapana. Kinachopaa ni maji, chumvi inabaki. Kiangazi hiki hewa ni kavu na tangi la wazi linaweza kupoteza lita moja kwa siku. Ukirudishia kwa maji ya chumvi, wiki mbili tu zinatosha kutoka 35 hadi karibu 41. Kinachoongezwa kila siku ni maji safi ya osmosisi. Maji ya chumvi ni ya kubadilisha tu, asilimia 10 kwa wiki, yawe yamechanganywa na kuzungushwa tangu jana yake na kufikia joto la tangi.

Mmeandika pia samaki waingie siku ya tatu. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitriti, na naitriti kuwa naitreti, huhitaji wiki nne hadi sita kuota kwenye mawe, na katika maji ya pH 8.2 amonia ni kali kuliko katika maji ya mtoni yasiyo na chumvi. Samaki huingia amonia na naitriti zikisoma sifuri na naitreti imeanza kuonekana, si kabla.

Hita ya wati 50 haiwezi baridi ya Juni na Julai ya Lubumbashi. Hupandisha maji digrii nne au tano juu ya joto la chumba, na usiku vyumba vyetu havina digrii 20. Ziwe mbili za wati 100, ili moja ikikwama kuwaka isipike tangi. Pampu ya hewa ya betri iliyochorwa juu ya boksi kwa ajili ya umeme ukikatika, haikuwemo katika sanduku hata moja.

Sasa gharama, kwa sababu mlipendekeza kwa simu kwamba "maji yabadilishwe tu". Aragonaiti, yaani madini ya chokaa yanayounda mchanga na mawe ya matumbawe, hunyonya shaba na kuirudisha majini kwa miezi. Kwa hiyo katika matangi yale manne lazima mchanga na mawe yote yatupwe, kioo na pampu zisuguliwe, kiwiko kitolewe, maji mapya yazungushwe na rezini ya kunasa shaba pamoja na kaboni, na kipimo kisome sifuri mara mbili kwa wiki mbili mfululizo. Hapo ndipo konokono wawili watatu hutangulizwa. Mzunguko wa bakteria unaanza upya, na samaki muda wote huo wanahitaji mahali pengine penye chujio na hita.

Tunadai basi mlipe kilo 10 za mawe ya matumbawe na kilo 10 za mchanga wa aragonaiti kwa kila tangi kati ya hayo manne, rezini, chumvi, na thamani ya viumbe waliokufa kama inavyoonekana kwenye fakture zenu wenyewe. Kwa wateja wote sita mtoe kiwiko cha PVC, hita, pampu ya hewa na chujio la osmosisi lenye utando, kama mlivyotangaza. Na mawe ya malakiti na kichupa cha bluu viondolewe katika kila kifurushi kilichobaki dukani, leo hii, na kila aliyekwisha kununua apigiwe simu, orodha mnayo. Hili la mwisho ndilo tunalolishikilia kuliko fedha. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba inamfanya muuzaji awajibike kwa kasoro iliyofichika ya kitu alichouza, na tutaitumia ikibidi.

Tunasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 15. Mkituma fundi, aje na kipimo cha shaba ambacho hakijapita muda wake, na asimwage kitu chochote ndani ya matangi. Sampuli za maji ya kila tangi, zilizofungwa na kuandikwa tarehe, tunazo, na tutazipima mbele yake.

Kwa heshima,

Watunzaji wa matangi ya maji ya chumvi,
Lubumbashi

Viambatisho: nakala za fakture sita, msumari na kipande cha jiwe, picha za viwiko, karatasi ya maelekezo iliyowekwa alama penye makosa.