Shukrani kwa dada wa komwe

Dada uliyekuja Mikindani na binti yako wa magongo, sikukuuliza jina. Nakushukuru hapa, mbele za watu.

Mwanangu wa miaka 7 alianguka mkorosho, akavunjika mkono. Hogo lilipotolewa kifundo kilikuwa kikavu kama ukuni, vidole havikunji. Mazoezi ya nyumbani yakawa ugomvi: nikimgusa tu, analia mpaka majirani wanachungulia.

Wewe hukutupa pole nyingi. Ulitandika kanga barazani, ukaweka bao, ukamwambia, "Mjomba, nisaidie kupanga kete." Kete 64, mashimo 32, na kila komwe, mbegu ile ya kuchezea bao, inataka kuokotwa, kushikwa, kiganja kigeuzwe, iachiwe. Mkono wa pili, ule usioumia, uliufunga kwa leso, kwa mzaha tu, "huu leo una likizo." Komwe moja ikamponyoka ikaingia mchangani. Akaifuata mwenyewe kwa vidole vile vile vibovu. Hakulia!

Ulirudi siku tatu, na kila siku bao ukalisogeza mbali kidogo ili anyooshe kiwiko. Mwisho ukatuachia komwe zenu. Binti yako alinuna, na alikuwa na haki.

Mtaalamu wa mazoezi tiba nilipomsimulia alicheka, akasema mtoto akicheza hahesabu amekunja mkono mara ngapi. Wazazi wenzangu, muulizeni mtaalamu wenu kwanza, halafu tafuteni bao.

Sasa anafunga vifungo vya shati la shule mwenyewe, isipokuwa cha shingoni. Komwe zenu ninazo, zote. Mkipita, mzichukue.