Msimtahini mzee, mwekeeni honi ya treni

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenzangu wanaouguza wazee wenye ugonjwa wa kusahau. Acheni kuwatahini. Mgeni akifika tu, simu inatolewa, picha inafunguliwa, mzee anaulizwa: "Huyu ni nani? Hata mwanao humjui?" Mzee analitafuta jina, halioni, waliopo wanacheka au wanaguna kwa huruma mbele yake, na siku hiyo hasemi tena. Simu hiyohiyo ingeweza kumrudishia heshima yake.

Baba yangu alikuwa stesheni masta wa TAZARA. Aliajiriwa reli ikiwa mpya, na miaka yake mingi aliifanyia kazi Mlimba, pale njia inapoliaga bonde la Kilombero na kuanza kupanda kwenda Makambako, kwenye madaraja na mahandaki yaliyowatoa jasho wajenzi kuliko sehemu nyingine yoyote ya kilomita 1,860 za kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Sasa tunaishi naye hapa Iyunga, Mbeya. Mwaka huu ni wa ngapi hajui. Mimi ananiita kwa jina la shangazi.

Kaka yangu alikwenda stesheni akarekodi kwa simu: honi, breki, mabehewa yakiunganishwa. Tukaziweka sauti hizo kwenye memori kadi pamoja na muziki wa bendi za jazz za miaka ya 1970, tukanunua spika ndogo. Baba alipoisikia honi alinyoosha mgongo, akaagiza bendera ya kijani iletwe, akauliza ya mizigo imeshatoka Ifakara au bado. Mjukuu wake akamjibu, "Bado, mzee. Ikichelewa, ya abiria tunaipishia wapi?" Basi akafundisha! Njia ni moja, treni hupishana stesheni, na anayeamua nani asubiri lazima awe na kichwa kilichotulia. Maelezo yalikuwa na mapengo, majina mengine aliyarudia, lakini sauti ilikuwa ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Hakuna aliyemsahihisha. Kwa nini tumsahihishe? Pale mwenye ujuzi alikuwa yeye.

Baadaye nilisoma kwamba watafiti wa vyuo vikuu vya Dundee na St Andrews, Scotland, walitengeneza mfumo wa kompyuta wenye skrini ya kugusa kwa kazi hii hii, uitwao CIRCA. Waliujaza picha, nyimbo na filamu za maisha ya zamani ya watu wote, wala si albamu ya familia ya mgonjwa, kwa sababu picha ya familia hugeuka mtihani upesi. Picha ya soko la zamani haina jibu la kukosea. Kila mtu ana la kusema.

Na asiniambie mtu kwamba haya ni maradhi ya Wazungu, au kwamba mzee amelogwa. Utafiti uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, ulikuta watu wapatao 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na kuendelea wana ugonjwa huu. Wako vijijini kwetu, wengine wamefungiwa vyumbani.

Yapo ya kuangalia. Jioni hatuweki honi kabisa, maana baba huanza kutafuta kofia aende zamu, na mlango ukiwa wazi ataondoka kweli. Jioni ni muziki tu, kwa sauti ya chini, au ujumbe wa sauti ambao shangazi humtumia kutoka Tukuyu kwa Kinyakyusa. Tena kuna hili linaloniuma: kijana mmoja wa ukoo alimrekodi baba akiipungia bendera treni isiyokuwepo, akairusha kwenye kundi la WhatsApp, ikasambaa hadi kwa watu tusiowajua. Baba hakuulizwa, na hali yake ya sasa haimruhusu kutoa ridhaa. Mwanamume aliyepitisha treni salama usiku na mvua hafai kuwa kichekesho cha watoto. Ninawaomba vijana: rekodini kwa ajili yake, isiwe kumrekodi yeye kwa ajili yenu.

Ombi langu la mwisho ni kwa wenye hazina. Kanda za muziki za Radio Tanzania Dar es Salaam ziko TBC, shirika la utangazaji la taifa. TAZARA nao bila shaka wana picha za wajenzi na wafanyakazi wa kwanza. Zikiwekwa mahali ambapo mtu wa Iyunga anaweza kuzipakua kwa bando dogo, wauguzi wa majumbani tutajua la kufanya nazo. Na wewe Mhariri, makabati ya gazeti lako yana picha za stendi, viwanda, mashamba ya mkonge na stesheni za enzi hizo. Tunaomba ukurasa mmoja kila wiki, zichapwe kubwa, na maelezo yawe kwa herufi kubwa pia. Baba bado anasoma.

Binti wa stesheni masta,
Iyunga, Mbeya