Barua kwa Mwanangu: Uliloliona ni Kweli, Sasa Tuitafute Sababu

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Maoni yako manne nimeyasoma yote. Umeandika kwamba Spider-Man: Into the Spider-Verse "inakwamakwama kama bando linaisha", kwamba ile vita ya usiku katika Game of Thrones ni "giza tupu, sikuona kitu", kwamba WandaVision "inaboa, stelingi anapika tu", na kwamba pambano la mwisho la Black Panther "limekaa kama gemu". Wenzako wamekujibu kwamba hujui filamu. Mimi nasema macho yako hayakukudanganya hata mara moja. Tatizo ni kwamba umetoka kwenye ulichokiona ukaangukia hukumu moja kwa moja, sababu ukaiacha njiani. Na sababu ndiyo anayoihitaji mtu anayekusoma ili aamue kama atazitoa saa zake 2 au la.

Nianze na Spider-Verse, kwa sababu hapo ulikuwa karibu sana na jambo zuri ukalipita. Filamu huenda kwa picha 24 kila sekunde. Waliotengeneza hiyo ya mwaka 2018 walimpa Miles, kijana anayejifunza kuwa Spider-Man, kwa sehemu kubwa ya mwanzo, picha 12 tu kwa sekunde, kila moja ikishikiliwa mara mbili. Rudia pale msituni, Miles na Peter, Spider-Man mzoefu, wanapokimbia wakiruka kwa utando kati ya miti. Peter anakwenda kwa picha 24, Miles kwa 12, na wote wako ndani ya fremu (picha) moja. Mmoja kazi ameizoea, mwingine anajifunza, na jicho linaipata tofauti kabla ya mtu yeyote kuisema. Kadiri Miles anavyokomaa, mwendo wake unalainika mpaka wanakwenda sawa. Huko kukwamakwama ulikokuona ndiyo hadithi yenyewe.

Tena waliuondoa ule ukungu unaoachwa na kitu kinachokwenda kasi, na mahali ambapo kamera ya kawaida ingefifisha kilicho mbali, wao waliachanisha rangi kidogo, kama gazeti la katuni ambalo wino wake haukukaa sawa mashineni. Ndiyo maana wapo watazamaji waliodhani wameingia kwenye onyesho la miwani ya 3D bila kupewa miwani. Ungeandika "Miles anakwenda kwa kukatika na Peter analainika, na mwishoni wanalingana," hata asiyejua habari za fremu angekuelewa, na angekwenda kutazama.

Lakini kabla hujaandika tena, kagua runinga hiyo ya sebuleni. Runinga nyingi za sasa zinatoka kiwandani zikiwa na kitu kinacholainisha mwendo. Runinga inachukua picha 2 zinazofuatana, inabuni nyingine ya katikati, na inaendelea hivyo mpaka zile 24 zinakuwa 60 au zaidi. Kwa mpira inafaa. Kwa filamu inaharibu, kwa sababu mwigizaji anaanza kuonekana kama msoma habari studioni, na ukingo wa mkono unaopita haraka unatetemeka kama maji. Kwa Spider-Verse ni mbaya maradufu, maana runinga inajaza pengo ambalo mtengenezaji aliliacha makusudi. Samsung wanakiita Auto Motion Plus au Picture Clarity, LG wanakiita TruMotion, Sony wanakiita Motionflow. Kamata rimoti, ingia kwenye mipangilio, kisha picha, kisha mipangilio ya ziada, ukizime. Ukikikosa, chagua hali ya picha iliyoandikwa Cinema, Movie au Filmmaker. Mara nyingi hiyo peke yake inakipunguza au inakizima kabisa. Kujaribu ni rahisi: tafuta mahali kamera inapogeuka taratibu kumfuata mtu anayetembea. Mandhari nyuma yake ikiteleza kama imepakwa mafuta, bado hakijazimika.

Sasa hilo giza. Sehemu ya 3 ya msimu wa 8 wa Game of Thrones ilirushwa tarehe 28 Aprili 2019, ina dakika 82, na si wewe peke yako uliyelalamika. Dunia nzima ililalamika. Hapa kuna mambo mawili, na ukiyachanganya utamwonea mtu. La kwanza ni uamuzi wa waliopiga picha. Walitaka usiku uwe usiku, askari wasijue kinachowajia, na mwanga utoke kwenye moto. La pili ni njia iliyoifikisha picha kwako. Ili video ipite kwenye intaneti lazima ibanwe, yaani ipunguzwe ukubwa, na mahali pa kwanza programu inapopunguza ni kwenye giza, ikiamini jicho halitagundua. Matokeo yake moshi na anga la usiku vinakatika katika miraba na mistari ya kijivu. Ukiona miraba, hapo analaumiwa msafirishaji. Ukiona giza safi lisilo na miraba na bado hujui nani anampiga nani, hapo mlaumu mwongozaji, na una haki kamili ya kumlaumu. Kwa maoni yangu yapo makosa ya aina zote mbili katika sehemu hiyo. Askari wanapoliendea giza kwa farasi, panga zao zikiwaka moto, giza linafanya kazi ya ajabu. Ila mapambano ya mazimwi mawinguni yanapotea hata kwenye runinga nzuri.

Kwa hiyo mtazamaji lazima aseme alitazama kwa chombo gani na katika hali gani. Sehemu hiyo wewe uliitazama kwa simu, mchana, dirisha likiwa wazi, umeweka ubora wa chini kuokoa bando. Sikulaumu kwa bando. Netflix wenyewe wanaeleza kwamba ubora wa kawaida (SD) unakula hadi GB 1 kwa saa, ubora wa HD hadi GB 3, na ule wa 4K hadi GB 7, na msimu wa sehemu 8 za saa moja moja ukiupigia hesabu ya HD unafika GB 24. Pesa hiyo si kidogo. Ila sentensi moja tu, "nimetazama kwa simu, ubora wa chini," inamwambia msomaji akuamini wapi na wapi apunguze. Na kama ni sehemu yenye giza, ipakue usiku bando likiwa nafuu, zima taa, ndipo uihukumu.

Na kama umetazama iliyotafsiriwa, sema pia. Wafasiri wa filamu, tangu enzi za Lufufu hapa Tanzania mpaka DJ Afro kule Kenya, wanaongeza maneno yao, wanawapa wahusika majina, wanachekesha pale ambapo mwandishi hakuchekesha. Kazi hiyo ni sanaa yenye heshima yake, na ina mashabiki wake kwenye vibanda umiza. Lakini ukisema mazungumzo yalikuwa matamu, ujue unamsifu nani.

Mfululizo wa WandaVision uliishia sehemu ya 2 kati ya 9, na hilo hukuliandika. Hapo ndipo nilipokunja uso. Kuacha si kosa, kila mtu ana muda wake. Kosa ni kuhukumu mzima kwa kipande bila kusema ni kipande. Andika: "nimeacha sehemu ya 2." Atakayesoma atajua kwamba kinachokuboa ni mwanzo, na mwanzo huo una sifa ambazo unaweza kuzitaja. Sehemu ya 1 imeigiza vichekesho vya runinga ya Marekani vya miaka ya 1950, ikarekodiwa mbele ya watazamaji waliokaa studioni, kwa hiyo vicheko vile ni vya watu waliokuwepo. Ni nyeusi na nyeupe, na picha ni karibu ya mraba, ndiyo maana uliona mistari myeusi kushoto na kulia ukadhani simu ina tatizo. Ya 2 inahamia miaka ya 1960, na sehemu kadhaa zinazofuata zinasogeza muongo. Sisi ambao hatukulelewa na vichekesho hivyo tunakosa nusu ya utamu, na hilo ni jambo la haki kabisa kulisema. Mmarekani anacheka kwa kumbukumbu, wewe unabaki kumwangalia mwanamke anapika.

Nakuomba ufike sehemu ya 4 ndipo uache. Sitakutobolea kilichomo, ila huko ndiko maswali ya mwanzo yanakoanza kujibiwa. Sehemu ni fupi, na majina ya mwishoni yanakula dakika kadhaa, kwa hiyo mzigo si mkubwa kama unavyodhani. Halafu zingatia mwendo. Ilianza tarehe 15 Januari 2021 kwa sehemu 2 siku moja, kisha moja kila wiki hadi tarehe 5 Machi. Aliyetazama hivyo alikuwa na siku 7 za kubishana na wenzake kuhusu kila dokezo. Wewe unaimeza mfululizo, na dokezo halina nafasi ya kukuwasha. Mifululizo ya namna hiyo inafaa sehemu moja kwa usiku mmoja.

Black Panther ndiyo iliyonifanya nikae kuandika. "Limekaa kama gemu" ni kauli ya kweli iliyovaa nguo ya kila mtu, na mtengenezaji hajifunzi chochote kwayo. Linganisha mapambano matatu ya filamu hiyo. Pale kwenye maporomoko, waigizaji wamesimama ndani ya maji halisi kwenye seti iliyojengwa, na mguu ukiteleza, unateleza. Pale kwenye kasino ya Busan, Korea Kusini, kamera inapanda na kushuka ghorofa kama picha moja ndefu isiyokatwa, na unajua T'Challa, ndiye Black Panther mwenyewe, yuko wapi, na wenzake Okoye na Nakia wako wapi. Kisha chini ya ardhi, kwenye reli, T'Challa na adui yake Killmonger, wenye mavazi yanayofanana, wanapigana nyuso zikiwa zimefunikwa. Miili ni ya kompyuta. Wanaanguka kutoka juu na hakuna kinachowalemea wakifika chini. Mwanga hautoki mahali popote unapoweza kupaonyesha kwa kidole. Hivyo vitu vitatu, uzito, uso na mwanga, ndivyo vilivyokosekana, na ndivyo vinavyokosekana katika miisho mingi ya filamu za mashujaa. Mapambano ya mwisho ndiyo yenye picha nyingi zaidi za kompyuta, na mara nyingi ndiyo yanayokamilishwa mwisho kabisa, tarehe ya kutoka ikiwa imeshatangazwa. Ukitaja uzito, uso na mwanga, hakuna atakayekuambia hujui filamu.

Na usiache mazuri yake yamezwe na hizo dakika chache. Filamu hiyo ya mwaka 2018 ilipata Oscar 3: mavazi ya Ruth E. Carter, usanifu wa mandhari wa Hannah Beachler na Jay Hart, na muziki wa Ludwig Göransson. Huo muziki ndio nataka uurudie kwa masikio tu. Göransson alikwenda Senegal akasafiri na mwanamuziki Baaba Maal, na kutoka huko akampa T'Challa ngoma inayosema, ile inayobanwa kwapani sauti ikapanda na kushuka, na Killmonger akampa filimbi ya Wafulani wa Afrika Magharibi. Fumba macho mara moja moja. Utajua nani anaingia kabla hujamwona. Sikiliza filimbi inavyobadilika baada ya Killmonger kufika Wakanda, nchi ya kubuni ya T'Challa. Lugha inayosikika humo ni Kixhosa, iliyoingia kupitia mwigizaji John Kani katika filamu iliyotangulia ya mwaka 2016, Captain America: Civil War. Na Ayo, yule mlinzi, ameigizwa na Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala.

Kuhusu zile asilimia ulizonirushia kama ushahidi. Asilimia ya Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki, ni wahakiki wangapi katika kila 100 waliosema inafaa. Haipimi wameipenda kiasi gani. Chukua wahakiki 100 wote waipe filamu 6 kwa 10: inapata asilimia 100. Chukua wengine 100, 70 waipe nyingine 9 na 30 waipe 3: inapata asilimia 70, ingawa wastani wake ni 7.2. Ya pili inaweza kuwa ndiyo itakayokukaa moyoni. CinemaScore nao wanawauliza watazamaji wa siku ya kwanza watoe alama za herufi, ambao wengi ni mashabiki waliokimbilia tiketi, kwa hiyo filamu ya mashujaa ikipata B, kama Eternals mwaka 2021, hiyo ni dalili ya ubaridi. Black Panther ilipata A+. Alama za watu mtandaoni nazo huvamiwa na wanaochukia kitu kabla hakijatoka. Ndiyo maana mwaka 2019 Rotten Tomatoes walianza kuonyesha kando alama za watazamaji waliothibitishwa kununua tiketi.

Maoni yako ya Black Panther nimejaribu kuyaandika upya kwa ukubwa uleule wa ujumbe wa simu, uone kwamba hayahitaji urefu: "Nimetazama yote, kwa runinga, kwa lugha yake. Maporomoko na Busan vimenishika, kwa sababu najua kila mtu yuko wapi na kila pigo linauma. Pambano la relini limenitoa: nyuso zimefunikwa na miili haina uzito. Sikiliza filimbi ya Killmonger. Kwa anayependa mavazi, muziki na mabishano ya haki kuliko milipuko." Hakuna siri iliyotobolewa humo, na ni maneno kama hamsini.

Badilisha maneno yangu yawe yako. Spider-Verse uirudie Jumamosi baada ya kuizima ile kazi ya kulainisha, umwite na mdogo wako, umwonyeshe pale msituni bila kumwambia chochote, kisha uniandikie yeye aliona nini.

Wako akupendaye,
Mama