Mkono wako haujafa, shoga

Kibokoni, Mombasa
Jumapili jioni, mwezi wa saba

Shoga yangu,

Assalamu alaikum. Hujambo, pacha hawajambo, na baba yao je? Sisi huku alhamdulillah tu wazima, ila mafua yamezunguka nyumba nzima, yalianza kwa bi mkubwa yakamaliza kwangu na sa hivi naandika huku napiga chafya.

Voisi zako zimefika zote saba. Nlisikiliza nikiwa kwenye matatu ya kutoka Kongowea, watu wakanigeukia kwa vile nlivokuwa nacheka peke yangu, hasa pale uliposema mahamri yametoka mawe na mume wako akayala yote kimya kimya na chai. Yule bwana tunavomjua, kunyamaza si kawaida yake, hapo ndo nkajua hali ni mbaya kweli. Lakini ile voisi ya mwisho haikunichekesha, ile uliyosema ati mkono wako umekufa, ati tangu mfike Johannesburg hakuna kitu unapika kikatoka, mbaazi haziivi, mkate wa mayai umebonyea katikati, na sasa unanunua mkate wa duka unawapakia watoto siagi basi. Shoga, wacha hayo maneno. Mkono ule ndo uliopika harusi ya mdogo wangu, sufuria tano za pilau na hakuna punje iliyoshika chini. Nimefikiria sana jambo lako, nikaona nikujibu kwa barua, kwa voisi ntasahau nusu.

Kwanza usidhani ni wewe peke yako uliye kwenye baridi. Na sisi huku ni kipupwe, upepo wa kusi umeshika, leo alfajiri simu ilisema digrii 22 na watu wametoa majaketi, wa bodaboda wamejifunga mitandio mpaka puani, bi mkubwa kalala na soksi. Najua utacheka, wewe huko usiku yafika 4 na nyumba haina cha kupasha joto. Lakini kila mtu na baridi yake bana. Na bahari imechafuka, mashua ndogo hazivuki mwamba, kwa hivo samaki ni wa kuhesabu. Juzi Markiti samaki changu nliyezoea kumchukua kwa mia tano naitishwa mia nane, nikamtazama jicho nkaona huyu kalala kwenye barafu siku tatu, nikamwambia kaka asante, nkageuka nkanunua mbaazi kilo mbili na nazi sita. So mwezi huu wote ni mbaazi, kunde, maharagwe na mikate ya nyumbani, na sikudanganyi, hakuna aliyelalamika.

Sasa mahamri. Kipimo unachotumia ni kile kile cha bi mkubwa, unga vikombe vinne, sukari nusu kikombe, hamira kijiko kimoja, iliki, tui zito. Hapo hakuna kosa. Kosa liko kwa kuhesabu saa. Huku mwezi wa kwanza kwenye joto la kaskazi unakanda, unafunika, unaenda kusuka nywele nusu kichwa ukirudi limeshajaa bakuli. Sa hivi kwenye kusi mimi mwenyewe nangoja karibu masaa mawili. Sasa wewe jikoni kwako digrii kumi na kitu, donge umelipa saa moja ukalikata, hamira hata haijaamka! Hamira ni kitu hai shoga, yataka joto kama mtoto mchanga. Na tena uliniambia ati tui la boksi ulifungua ukakuta vidonge vyeupe ukadhani limeharibika ukalimwaga, yarabi, niliumia kama umemwaga langu. Lile lilikuwa zima! Mafuta ya nazi yakishuka chini ya digrii 24 hivi yanaganda, ndo maana hata chupa yetu ya mafuta ya nywele huganda kipupwe. Ungelitia kwenye sufuria ukalipasha kidogo tu, likawa vuguvugu, tia kidole, ukiweza kukiacha mle uhesabu mpaka kumi bila kukitoa basi ni sawa, ukikitoa mbio ni moto sana na hamira itakufa, ukisikia baridi italala. Hiyo ndo temometa yangu.

Alafu mahali pa kuliweka. Usiwashe oveni. Chemsha maji sufuria moja, weka chini mle ndani ya oveni iliyozimwa, donge lako juu yake kwenye bakuli lililofunikwa, funga mlango. Au likande usiku baada ya Isha, hamira punguza iwe nusu ya kijiko, lifunike vizuri ulilaze jikoni mpaka alfajiri, hiyo baridi yenyewe itakufanyia kazi polepole na ladha inakuwa nzuri zaidi, naapa. Na hewa ya huko kavu wakati huu, midomo yapasuka umesema, basi ujue na unga nao umekauka, ukiona donge gumu ongeza tui kijiko kimoja kimoja mpaka liwe laini kama ndewe la sikio. Ukishakata vipande vifunike tena kitambaa, vipumzike mpaka vinyanyuke kidogo, ndipo utie mafuta motoni. Andazi la kwanza ndo shahidi: likizama likaibuka haraka, limwagie mafuta ya moto mgongoni kwa upawa, litafura mbele ya macho yako. Likikaa tu juu bapa kama mtu aliyesusa, toa, subiri robo saa nyingine.

Hiyo ni baridi. Lakini kuna kitu kingine hukukitaja na mimi nakijua kwa sababu kilishanitesa. Unakumbuka ile miaka miwili nlipokuwa Nyahururu? Wiki ya kwanza nliteleka maharagwe saa tatu asubuhi, Adhuhuri magumu, Alasiri magumu, Magharibi nkakaa chini jikoni nkalia kama wewe. Akaja jirani, mama mmoja wa Kikikuyu mwenye roho safi sana, akatazama sufuria yangu akacheka akaniambia mama, uko juu. Juu wapi? Juu, mlimani. Nyahururu iko kama mita 2,300 juu ya bahari, na kule maji hayangoji kufika digrii mia ndo yachemke, yakifika 92 yameshachemka, yatatokota kelele tele lakini joto hayana. Johannesburg nako ni juu, mita 1,700 na zaidi, maji yako yanachemka kwenye 94 hivi. Mimi na wewe tumezaliwa tukiisikia bahari, nani angetwambia? Tumezoea maji ya mia kamili.

Kwa hivo mbaazi zako hazina jini. Ziloweke kuanzia usiku, na maji ya kulowekea yamwage, tia mapya. Kama una presha kuka hapo ndo pahala pake, hewa inabanwa ndani joto linapanda, dakika ishirini na tano unafunika kitabu. Kama huna, sufuria nzito, mfuniko, jiwe juu yake, na subira. Chumvi na ndimu usitie mpaka zilainike. Zikishavunjika kwa kidole ndo uweke kitunguu, pilipili mbichi nzima zisizopasuliwa kwa ajili ya pacha, manjano kidogo, tui jepesi, ziache zinywe, tui zito mwisho kabisa na usiache zitokote sana likakatika. Mbaazi ukizikosa, maduka ya Wahindi pale Fordsburg lazima yawe nazo, au chukua maharagwe meupe yale madogo, si sawa lakini yanaenda, ukifumba macho.

Mkate wa mayai nao ulibonyea kwa sababu hiyo hiyo. Sisi hatutii bekingi pauda, hewa ni ile ya kupiga mayai na sukari tu, na wewe najua unapiga mpaka mkono unauma, kwa huku ndo sawa. Huko juu hewa nyepesi, mkate unapanda mbio kama una wazimu alafu hauna cha kuushika unaporomoka. Yapige mayai kidogo kuliko ulivyozoea, yawe mazito lakini bado yanamiminika, ongeza unga kijiko kimoja, na oveni iwe moto kidogo zaidi ili uwahi kushikana. Zabibu juu kama kawaida, na ukiufungulia mlango kabla ya nusu saa usinipigie simu!

Ila kama ungeniuliza uanze na nini, ningekwambia wacha yote uanze na mkate wa sinia, ule wa mchele. Hauna kukanda, hauna kusukuma, na mtu akiwa amechoka roho kama wewe wiki hizi kukanda ni adhabu. Na sikwambii kwa kujifanya, mwezi jana mimi mwenyewe uliniaibisha. Nlinunua kioveni cha stima, kidogo cheupe, duka silitaji, muuzaji akaniapia kwamba digrii zake ni za kweli. Nkatia mkate wa wageni, dakika ishirini juu umeshakuwa rangi ya kahawa, nkautoa kwa fahari zote nkaugeuza kwenye sinia mbele ya watu, shoga, katikati ukamwagika uji. Mbele ya mawifi! Bi mkubwa hakusema kitu, aliinuka tu akaenda uani akawasha makaa.

Basi wiki ile ile nkarudi kwa makaa na leo nimeupika tena. Mchele vikombe viwili umelala kwenye maji tangu jana, nkauchuja, nkautia kwenye blenda na tui zito kikombe kimoja na nusu, iliki na hamira kijiko cha chai, nkausaga mpaka ukawa laini, ukiusugua baina ya vidole hausikii chenga. Sukari kikombe kimoja kasorobo nimeitia mwisho. Nkaufunika karibu na jiko, ulipoanza kutoa mapovu nkapiga ute wa yai moja nkauchanganya pole pole. Sufuria nliipaka samli ikapata moto kwanza, uji ukiumimina lazima usikie ule mlio, shhh, pembeni ushike mara moja. Alafu moto wa chini mdogo. Unaangalia vitundu, vinafunguka kimoja kimoja kuanzia pembeni vinakuja katikati kama macho, na vikishafunguka vyote uso umekauka, hapo ndo unapalia makaa juu ya mfuniko na chini unapunguza yabaki matatu manne. Dakika kumi. Harufu ya iliki ilitoka mpaka kwa jirani wa chini, akapanda na kikombe chake cha chai mkononi bila hata kuaga nyumbani kwake.

Wewe makaa huna, najua, na usije ukawasha ndani ya nyumba kwa ajili ya baridi pia, moshi wa makaa na madirisha yaliyofungwa ni kifo, usijaribu hata siku moja. Tumia jiko la kawaida mpaka vitundu vitoke, alafu ile sufuria uiingize kwenye oveni, uwashe moto wa juu tu. Hakikisha mpini si wa plastiki, hehe.

Na jioni pacha wakirudi shule, umesema saa kumi na moja unusu jua limeshatua na wanaganda, wapikie uji wa pilipili manga. Kwani nani amesema ni wa Ramadhani tu? Mchele uliopondwapondwa, maji mengi, ukiiva tui, sukari, iliki, na pilipili manga mpya iliyotwangwa, usiogope, mpaka wasikie moto kifuani. Eti wanataka ile pap wanayokula wenzao shuleni, si wape, ile ni ugali mamangu, utofauti ni jina. Watilie kisamvu au mchicha wa nazi pembeni utaona.

Mpwa wangu anasafiri kuja huko tarehe 20 na nimempa mfuko wako. Ndani kuna iliki ya kijani robo kilo, hamira pakiti mbili, tende, kahawa iliyosagwa na tangawizi, na mbuzi ya kukunia, ile ya kukunja. Kifumbu cha kuchujia tui hakikuingia begini, kimekataa kabisa, tumia kitambaa cheupe safi kwa sasa. Bi mkubwa katia na kashata lakini mpwa wangu namjua, usizitegemee.

Likishaumuka donge nitumie picha, na uniambie lilichukua saa ngapi, nataka kujua.

Wako wa siku zote,
shoga yako wa Kibokoni