Barua kwa Somo Yangu Kuhusu Tumbo la Uzazi

Tanga

Somo yangu mpendwa,

Ama baada ya salamu za kheri kwako, kwa shemeji na kwa watoto, napenda kukujulisha kwamba sisi huku ni wazima na barua yako imenifikia salama. Nimefurahi kusikia kwamba mwanao ananyonya vizuri na uzito wake unapanda, lakini pale ulipoeleza kwamba mtu mmoja kwenye foleni alikuuliza mimba ina miezi mingapi, ilhali una mtoto wa miezi mitano mgongoni, nilikasirika hata mimi niliye mbali. Umeniuliza kama uongeze yale mazoezi ya kulala chali na kujiinua unayoyafanya kila alfajiri, na kama ile chai ya kupunguza tumbo uliyouziwa inafaa. La kwanza jibu lake ni hapana, na la pili ni hapana zaidi. Ila sipendi kukuacha na majibu ya mkato, kwa hiyo nivumilie nikueleze.

Tumbo linalobaki baada ya uzazi si kitu kimoja. Kuna mafuta yaliyo chini ya ngozi, ambayo vijana siku hizi huyaita nyama uzembe. Kuna mafuta ya ndani zaidi yanayozunguka ini, utumbo na kongosho, ambayo hayashikiki kwa vidole lakini ndiyo hasa yanayoandamana na kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Kisha kuna jambo la tatu lisilohusiana na mafuta hata kidogo, nalo ni misuli ya tumbo iliyoachana. Msuli wa mbele, ule unaoshuka kutoka mbavuni hadi kwenye mfupa wa kinena, ni mapande mawili, la kulia na la kushoto, yaliyounganishwa katikati na utando wa nyuzi ngumu. Mimba inapokua, utando huo hutanuka na mapande hayo husogea kando ili mtoto apate nafasi. Mfuko wa uzazi, ambao mara tu baada ya kujifungua huwa na uzito wa karibu kilo moja, hunywea na kurudi katika hali yake kwa muda wa wiki sita hivi, lakini utando ule hauna haraka hiyo. Watafiti wa Norway waliowafuatilia wanawake 300 wenye mimba ya kwanza, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2016, waliwakuta asilimia 60 wakiwa na misuli iliyoachana wiki sita baada ya kujifungua, na ulipotimia mwaka mmoja bado karibu theluthi yao walikuwa nayo. Sheria yetu inampa mama mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi. Mwili haukushirikishwa katika kuitunga.

Kwa hiyo, kabla ya jambo lolote, jipime. Lala chali juu ya mkeka, ukunje magoti, nyayo zikikanyaga chini. Weka ncha za vidole juu kidogo ya kitovu, vidole vikielekea miguuni, kisha inua kichwa na mabega kidogo tu. Utazihisi kingo mbili za msuli zikikaza huku na huku; hesabu ni vidole vingapi vinaenea katika nafasi iliyo kati yake, halafu urudie penye kitovu na chini yake. Kidole kimoja au viwili visikutie hofu. Vikizidi viwili, na hasa kama vinazama ndani bila kukutana na kitu kigumu, ujue misuli bado imeachana. Litazame na tumbo lenyewe wakati huo: likichomoza katikati kwa urefu, mfano wa tuta la viazi, basi zoezi la kujiinua limekuzidi nguvu kwa sasa, kwa kuwa msukumo wa ndani unaupeleka ule utando nje na misuli haiwezi kuuzuia. Katika kazi yangu ya tiba ya viungo nawapokea kina mama wengi wa namna hii, na mara nyingi wale wenye bidii kubwa ndio ambao tumbo limezidi kuchongoka, nao hudhani kwamba hawajajitesa vya kutosha.

Dawa yake inaanza na pumzi. Ukiwa umelala vilevile, weka mkono mmoja mbavuni na mwingine chini ya kitovu, uvute pumzi kwa pua hadi mbavu zitanuke kwa kando. Unapoitoa polepole kwa mdomo, kaza misuli ya chini kana kwamba unazuia mkojo na hewa kwa wakati mmoja, na ulivute tumbo la chini ndani taratibu, bila kubana pumzi wala kukaza mapaja. Hesabu hadi tano, ulegeze kabisa, urudie mara kumi, asubuhi na jioni. Usiharakishe kule kulegeza, maana msuli usiojua kulegea haujui pia kukaza inavyotakiwa. Na usilifanye zoezi hili wakati unakojoa, kwani mkojo unaweza kubaki kibofuni. Unachokiamsha hapo ni msuli wa ndani kabisa wa tumbo, ule unaozunguka kiuno chote, ambao ndio unaolishikilia tumbo libaki ndani hata unapokuwa umesimama unakuna nazi. Ukishalizoea, ongeza kutelezesha kisigino kimoja mkekani hadi mguu unyooke na kuurudisha, kwa zamu; kisha kuinua makalio huku nyayo zimekanyaga chini; kisha kupiga magoti na viganja chini, ukanyoosha mkono wa kulia pamoja na mguu wa kushoto, halafu kinyume chake. Planki, lile zoezi la kujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu mwili ukiwa umenyooka, iache mpaka uyaweze hayo yote bila tuta lile kujitokeza.

Hata hivyo, dakika kumi za mkekani zitapotea bure kama siku nzima iliyobaki unaendelea kujiumiza. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 na ushei: isogeze karibu na mwili, kunja magoti, utoe pumzi pale unapoinyanyua. Usiku mtoto akilia, usijiinue kwa mbele moja kwa moja. Geukia ubavuni, teremsha miguu, ujisukume kwa mkono. Fikiria mama anayenyonyesha anaamka mara ngapi kati ya saa nne usiku na alfajiri, na kila kuamka huko ni lile lile zoezi ninalokukataza, tena ukiwa na usingizi.

Umesema mama mkwe analalamika kwamba ulifungua mkaja mapema na kwamba hicho ndicho chanzo cha yote. Mimi sina ugomvi na mkaja. Katika wiki za mwanzo unaushikilia mgongo na tumbo, na mzazi aliyefungwa vizuri hutembea kwa raha zaidi. Lakini hauyeyushi mafuta, hauirudishi misuli mahali pake peke yake, na ukikazwa kupita kiasi msukumo wote unashuka kwenye nyonga, ambako misuli imechoka kuliko ya tumbo. Kwa maoni yangu, thamani kubwa ya zile siku arobaini za bibi zetu ni kwamba mzazi hakuachiwa ndoo wala beseni la nguo, na jambo hilo mama mkwe hajalizungumzia, au sivyo? Kuhusu mkanda wa mpira ulioununua, hauna lolote la kuishinda kanga iliyofungwa vizuri, isipokuwa bei na jasho.

Na jasho si mafuta. Mwaka 2014 wanasayansi wawili wa Australia walionyesha kwa hesabu kwamba mtu akipoteza kilo 10 za mafuta, kilo 8.4 hutoka kupitia mapafu zikiwa hewa ya kaboni dioksaidi, na kilo 1.6 zilizobaki hugeuka maji. Mafuta hayachagui pia pa kuondoka kwa kufuata mahali unapopafanyisha mazoezi: zamani, mwaka 1971, watafiti wa Marekani waliwapima wachezaji wa tenisi, ambao mkono mmoja hufanya kazi kubwa kwa miaka mingi, wakakuta unene wa mafuta chini ya ngozi hautofautiani kati ya mkono ule na mwenzake. Tumbo lako litapungua mwili mzima unapopungua, kwa mpangilio ambao si wewe wala mimi tunaoupanga.

Hapo tunafika kwenye sahani. Uji wa pilipilimanga wenye sukari na samli, supu ya kongoro, chapati za asubuhi, vyote hivyo vilikuwa na kazi yake wakati wa arobaini. Arobaini imekwisha, chakula hakikupewa taarifa. Sikuambii ujinyime, kwa sababu kunyonyesha peke yake kunatumia takriban kalori 500 kwa siku, na mama anayekaa na njaa huishia kula mandazi saa kumi jioni. Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti wa Marekani juu ya wanawake wanene waliokuwa wakinyonyesha, waliopunguza karibu nusu kilo kwa wiki kwa kula kwa kiasi na kufanya mazoezi, na watoto wao walikua sawasawa na wengine. Nusu kilo kwa wiki ndiyo mwendo wako. Anayekuahidi zaidi ya hapo anataka fedha zako. Ningekuwa wewe ningeanza na sukari, maana soda moja ya mililita 350 hubeba gramu 35 hivi, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 50 kwa siku nzima, na ikiwezekana aishie 25. Wali wa nazi usiuache, ila ujaze nusu ya sahani kwa mchicha au matembele, na samaki au maharage yapate robo yake. Kisha tembea kwa mwendo wa haraka nusu saa, siku tano kwa wiki. Mtoto akikataa kubaki, mbebe.

Ile chai itupe. Nyingi za aina hiyo zina majani ya sena, ambayo huharisha, na unachopoteza ni maji na choo. Vidonge ni hatari zaidi, kwa kuwa baadhi vimewahi kukutwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuhusishwa na maradhi ya moyo na kiharusi. Na wewe unanyonyesha.

Ukitaka kipimo, chukua tepu ya fundi cherehani, uizungushe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, usome baada ya kutoa pumzi. Kwa mwanamke, sentimita 80 ndipo tahadhari inapoanza, na kuanzia 88 hatari imeongezeka sana. Mara moja kwa wiki mbili inatosha.

Ukiona uvimbe kitovuni usiorudi ndani, au wenye maumivu, usiningojee mimi; hiyo inaweza kuwa ngiri, nenda hospitali. Na kama mkojo unakutoka unapokohoa au kupiga chafya, usiufiche kwa pedi na kuuita uzee, kwa kuwa mazoezi yale yale ya pumzi huusaidia sana. Uliza idara ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, katika hospitali ya rufaa ya mkoa. Nafasi kati ya misuli huenda isifungike yote, hasa kwako uliyezaa mara ya tatu, lakini wapo niliowahudumia ambao nafasi haikufungika na bado tumbo limekaza, mgongo umeacha kuuma, na ndoo wanainyanyua.

Nijibu mapema uniambie ni vidole vingapi, juu ya kitovu na chini yake. Na gauni la harusi ya mdogo wako, mwambie fundi aache inchi moja ndani ya mshono kila upande, asikate mpaka wiki ya mwisho.

Wasalaam,

Somo yako